Mistari Iliyovaa Sare: Askari wa Ziwa Letu katika Chapa za Karne ya 19

Picha nyingi za askari wa kandokando ya Ziwa Victoria wa miaka ya 1860 na 1870 tunazozikuta vitabuni hazikupigwa kwa kamera. Zilichongwa kwenye mbao mjini London na mafundi ambao hawakuwahi kuliona ziwa hili. Wanafunzi wetu wanazitazama kana kwamba ni ushahidi wa macho, walimu wanazibandika ukutani, na wachapishaji wanazirudia bila kutaja aliyechora wala aliyechonga.

Mimi nimeishi kwa kuchonga mihuri. Nilijifunza kazi hiyo Mwanza mjini, na leo naifanyia hapa Usagara, kwenye njiapanda ambapo barabara ya Shinyanga inaachana na ile ya Kigongo. Wateja wangu ni shule, makanisa, vikundi vya kuweka na kukopa na watendaji wa vijiji. Sina shahada ya historia, ila mikono yangu inajua namna picha inavyotoka kwenye kitu kilichochongwa. Ndiyo maana nataka kuzisoma chapa hizi kama fundi anavyosoma kazi ya fundi mwenzake, mstari kwa mstari. Naamini mistari hiyo inasema jambo kuhusu wazee wetu ambalo maandishi ya chini ya picha yanalificha.

Muhuri na kibao cha picha ni kazi za ukoo mmoja. Kinachoachwa juu ndicho kinachopokea wino, na kilichochimbwa kinabaki cheupe. Tena fundi hufanya kazi kinyume: herufi ya kwanza inakaa kulia, na mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Mzee aliyenifundisha, pale Makoroboi, alikuwa na kioo kidogo mezani. Hakuruhusu muhuri wowote utoke kabla ya kukisimamisha kioo mbele ya mpira na kuusoma. Alituonya kwamba kosa la mchonga mihuri halina pa kujificha, maana litagongwa kwenye kila karatasi. Mchongaji wa picha za askari naye alibeba mzigo huohuo. Akisahau kugeuza, kikosi kizima kitashika mkuki kwa mkono wa kushoto, na msomaji wa mbali ataamini kwamba ndivyo watu wale walivyopigana.

Aliyeipa kazi hiyo heshima mpya Uingereza ni Thomas Bewick wa Newcastle, aliyeishi kati ya 1753 na 1828. Wachongaji wa kale walitumia kisu kwenye ubao uliopasuliwa kwa urefu wa shina. Bewick na wanafunzi wake walitumia ubao uliokatwa kwa kukingama shina, pale nyuzi za mti zinaposimama wima, na badala ya kisu wakashika chuma chembamba chenye ncha kinachosukumwa kwa kiganja. Mti wenyewe ni buxus, mgumu sana na unaokua polepole. Kwa kuwa uso wa ubao wa namna hiyo hauna mkondo wa nyuzi, chuma kinapita upande wowote bila kupasua mti. Fundi anaweza kuchimba mstari mwembamba mweupe ndani ya weusi, akaupindisha ufuate msuli wa paja au mviringo wa ngao. Kutoka kwenye rangi moja tu ya wino, anapata kijivu cha kila daraja.

Kibao hicho kilikuwa na faida nyingine iliyoamua sura ya vitabu vya safari. Kwa kuwa kilipokea wino juu kama herufi za risasi, kiliweza kuwekwa pamoja na maandishi kwenye mashine moja na kuchapwa kwa mkupuo mmoja. Bamba la shaba au jiwe la kuchapia havikuweza hivyo. Wachapishaji waliotaka kitabu chenye picha nyingi kwa bei ya kuuzika walikimbilia mbao.

Shida ilikuwa wembamba wa shina la buxus. Picha ya ukurasa mzima ilihitaji vipande kadhaa vilivyobanwa pamoja. Magazeti ya picha, kama Illustrated London News lililoanza mwaka 1842, yaliigeuza shida hiyo kuwa mbinu. Mchoro ukishawekwa juu ya ubao, vipande vilifunguliwa, kila fundi akapewa chake achonge, halafu vikaunganishwa tena. Ukizitazama chapa za wakati ule kwa makini, mara nyingine utaona mstari mweupe ulionyooka ukikata anga au majani. Hapo ndipo vipande vilipokutana. Askari mmoja angeweza kupata kichwa kutoka mkono wa fundi huyu na miguu kutoka mkono wa fundi yule.

Mikono hiyo ilikuwa na mazoea yake. Kabla ya kuelekea ziwani, inafaa tutazame jinsi Ulaya ilivyojifunza kuchora askari katika kizazi cha vita vya Napoleon na miaka iliyofuata. Wanahistoria wa sanaa wanakiita kipindi hicho cha Kiromantiki: wakati ambapo wachoraji waliweka hisia kali, dhoruba, hatari na mateso ya mtu mmojammoja mbele ya kanuni tulivu za wazee wao. Sare ya askari iliwapa mtihani mgumu, kwa kuwa sare inawafanya watu wafanane, na wao walikuwa wanamtafuta mtu.

Wako wachoraji watatu wa kujifunza kwao. Wa kwanza ni Francisco Goya wa Hispania, aliyechora kati ya 1810 na 1820 mfululizo wa chapa kuhusu maafa ya vita kwa kuchimba mabamba ya shaba kwa asidi. Katika chapa ya 26 ya mfululizo huo, raia wamepiga magoti wakisubiri kuuawa. Wauaji hawaonekani. Zinaonekana ncha za bunduki tu, zenye visu, zikiingia kutoka ukingo wa kulia. Goya amewanyima askari uso, mwili na hata sare, na nyuso zote amewapa wanaokufa. Kwa kukata picha mahali pale, ametoa hukumu bila kuandika neno.

Wa pili ni Théodore Géricault wa Ufaransa. Mwaka 1818 alichora juu ya jiwe, kwa kalamu ya mafuta, picha ya mabaki ya jeshi likirudi kutoka Urusi. Uchapaji wa mawe ulikuwa mpya, uliobuniwa na Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, nao ulimwachia mchoraji ulaini wa kalamu ambao shaba na mbao havitoi kwa urahisi. Askari mmoja aliyefungwa macho yuko juu ya farasi, na mwenzake aliyepoteza mkono anamwongoza. Sare bado ziko mwilini, lakini haziwafanyi tena wafanane. Kila tambara na kila mkunjo unaonyesha kilichompata mwenye kuivaa.

Wa tatu ni François Georgin, aliyechongea kiwanda cha Pellerin katika mji wa Épinal. Katika miaka ya 1830 alichonga vita vya Napoleon kwenye mbao kwa ajili ya wakulima na watu wa masokoni. Askari wake wanasimama safu baada ya safu, kofia sawa, miguu sawa, bunduki sawa. Rangi iliwekwa kwa mkono kupitia karatasi ngumu zilizotobolewa, nyekundu mahali pake na buluu mahali pake. Hapa mtu mmoja hana uzito. Uzito uko kwenye marudio.

Kutokana na watatu hao, napata maswali matatu ya kuiuliza chapa yoyote ya askari. Nyuso ziko wapi? Sare inaeleza nini kuhusu anayeivaa? Na safu imepangwa kumtukuza nani? Tuje nayo ziwani.

Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akiwa na Sidi Mubarak Bombay, akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wake. Alirudi Afrika pamoja na James Augustus Grant, na mwaka 1862 alikuwa Buganda, kwenye ikulu ya Kabaka Mutesa. Huko alishuhudia gwaride la kikosi cha jemadari anayemwandika kwa jina la Congow. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863, na gwaride hilo limo humo kwa maneno na kwa chapa ya mbao.

Maelezo yake ni ya thamani kubwa kwetu, maana yanatuonyesha sare ambayo haikuwa ya kitambaa. Kikosi kilikuwa na makundi matatu, kila moja la watu 200. Kila mtu alibeba silaha zilezile: mikuki miwili na ngao moja. Viunoni walining'iniza ngozi za mbuzi au za paka. Miili yao waliipaka rangi za vita, upande mmoja nyekundu au nyeusi, upande mwingine buluu, kwa kupishanisha, hivi kwamba mguu mmoja ulikuwa wa rangi hii na wa pili wa rangi ile. Walipita kwa mistari mitatu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa hatua ndefu za kurukaruka. Mwisho kabisa alikuja jemadari mwenyewe, mwenye ngozi ndefu nyeupe za mbuzi, ngao ya ngozi yenye vishungi vya manyoya meupe, na kofia ya shanga za kila rangi iliyopambwa kwa manyoya mekundu ya ndege.

Speke aliyaona mambo hayo kama kituko cha porini. Mimi nayasoma tofauti. Jeshi ambalo kila mtu ana silaha zilezile, linalopita kwa mistari iliyoachana kwa nafasi sawa, na ambalo cheo kinaonekana kwa kofia na kwa nafasi ya mwisho, ni jeshi lenye sare na lenye amri. Rangi za mwilini, hata kama kila mtu alizichagua apendavyo, zilifuata kanuni moja ya kupishana. Kamanda wa Ulaya wa mwaka uleule angeutambua mpango huo mara moja kama angeondolewa mazoea ya kutafuta vifungo vya shaba.

Sasa fikiria kazi iliyomfika mchoraji wa London. Anayetajwa kwa chapa za kitabu hicho ni Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1814 na kuhamia London, ambako alijulikana zaidi kwa kuchora wanyama. Michoro mingi iliyotumiwa kitabuni ilitoka kwa Grant, ambaye alikuwa na jicho zuri na mkono wa uangalifu. Lakini siku ya gwaride Grant hakuwapo. Alikuwa amebaki Karagwe akiugua mguu, na alifika kwa Mutesa mwishoni mwa Mei 1862, gwaride likiwa limekwisha kupita. Basi jicho bora la msafara halikuona kikosi kile, na mkono wa London ulilazimika kuegemea maneno ya Speke na mazoea yake wenyewe.

Jambo la kwanza lililopotea ni rangi. Sare yote ya kikosi kile ilikuwa rangi, na kibao cha buxus hakina rangi. Mchongaji anaweza kutofautisha giza na mwanga tu. Nyekundu na buluu zenye uzito unaolingana zinatoka kijivu kilekile. Wachora ngao za ukoo wa Ulaya walikuwa na kanuni ya tangu karne ya 17 ya kuonyesha nyekundu kwa mistari ya wima na buluu kwa mistari ya kulala, lakini kanuni hiyo haikufaa miili inayokimbia, kwa sababu kwenye mwili mstari una kazi nyingine. Lazima uzunguke bega, ushuke mgongoni, uonyeshe mviringo wa paja. Mstari uleule hauwezi kueleza rangi na umbo kwa pamoja bila kimoja kumezwa. Umbo likashinda. Wanajeshi waliovaa rangi kwa utaratibu wakawa, machoni mwa msomaji wa London, watu walio uchi wenye misuli mizuri.

Nilitaka kuijua hasara hiyo kwa mikono yangu. Nilichukua kipande cha lino, nikachora safu ya askari kwa kufuata maneno ya Speke, kisha nikachonga. Wale wa mbele nilifaulu kuwapa mguu mmoja wa giza na mmoja wa mwanga. Kwa wale wa katikati, vipande vya giza na mwanga vilianza kugongana, ikawa vigumu kujua mguu ni wa nani. Kwa wale wa nyuma nilibaki na mikato midogo iliyopinda, kichwa ni mkato, ngao ni mkato. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jicho la mtazamaji wa chapa za namna hii linaenda moja kwa moja kwa jemadari. Ngozi nyeupe na manyoya ni zawadi kwa mchongaji: unachimba, unaacha weupe, mtu anang'aa. Kibao chenyewe kinampenda mkubwa mwenye nguo nyeupe na kinawazamisha wadogo waliopakwa rangi.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka uleule kilipotoka kitabu cha Speke, 1863, ndipo Chuo cha Sanaa cha San Fernando mjini Madrid kilichapisha kwa mara ya kwanza chapa 80 za Goya kuhusu maafa ya vita, miaka 35 baada ya kifo chake. Ulaya ilipokea mwaka mmoja vitabu viwili vya picha za watu wenye silaha. Kimoja kilitoka kwa mtu aliyeishi ndani ya vita. Kingine, kwa ukurasa ule wa gwaride, kilitoka kwa mtu aliyesoma habari mezani.

Miaka 13 baada ya gwaride la Congow, msafara mwingine ulifika pwani yetu ya kusini. Henry Morton Stanley aliingia Kageye, ambayo leo iko Wilaya ya Magu, tarehe 27 Februari 1875. Mtawala wa hapo alikuwa Kaduma. Mfanyabiashara Sungoro Tarib alikuwa amekwisha kuweka makazi yake hapo. Vipande vya mashua ya Lady Alice, vilivyobebwa mabegani kutoka pwani ya bahari, viliunganishwa katika ufukwe huo, na tarehe 8 Machi Stanley akaanza kulizunguka ziwa. Mwanzoni mwa Aprili aliwasili Usavara, mahali pa Kabaka kando ya maji.

Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1878, kina chapa ya mapokezi ya walinzi wa Kabaka hapo Usavara. Maelezo yanayoandamana nayo yanasimulia watu waliojipanga safu mbili nene kutoka majini, wakubwa wao mwishoni wakiwa na mavazi ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe safi, bendera zikipepea, ngoma zikipigwa na bunduki zikifyatuliwa kwa heshima.

Linganisha na mwaka 1862. Ngozi za mbuzi na rangi za mwilini zimeondoka mbele ya mgeni, na nguo za kitambaa zimechukua nafasi yake. Sababu hazikuwa za urembo. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walikuwa wakifika Buganda tangu siku za Kabaka Suna, baba yake Mutesa, wakileta merikani, joho, bunduki na baruti, na wakipeleka pembe za ndovu na watumwa. Dini ya Kiislamu ilikuwa imeingia ikulu pamoja na kanzu. Mutesa alijua thamani ya kuonekana. Mtawala anayeweza kuwavisha walinzi wake vitambaa vilivyobebwa miezi mingi kutoka pwani ametangaza urefu wa mkono wake kabla hajasema lolote. Sare ile ilikuwa tangazo la siasa, na mgeni aliisoma kama ilivyokusudiwa.

Mchongaji naye alipata alichokitamani. Safu mbili za watu zinazokaribiana kadiri zinavyokwenda mbali ni mpangilio ambao kila mchoraji wa gwaride wa Ulaya aliujua kwa moyo. Mistari miwili inalishika jicho na kulipeleka mahali pamoja. Nguo nyeupe zinachimbwa kwa upana na kuachiwa mistari michache tu, kwa hiyo kikosi kinatoka safi na chenye nuru. Hapa tuko karibu na Épinal: watu wanaorudiwa, mwendo uliopimwa, heshima inayotokana na wingi unaofanana. Swali la tatu linajibika kirahisi. Safu imepangwa kumtukuza Mutesa, na vilevile kumtukuza mgeni anayepita katikati yake.

Kitabu hichohicho kina picha ya Mutesa na wakuu wake iliyochongwa kutokana na fotografia aliyoipiga Stanley mwenyewe. Tofauti yake na chapa za gwaride ni kubwa. Kamera ya wakati ule ilimtaka mtu atulie. Mchongaji aliyefuata fotografia hakuwa na nafasi ya kubuni miguu inayoruka, akatumia ustadi wake kwenye mikunjo ya nguo na kwenye nyuso. Wakuu hao wana nyuso ambazo ndugu zao wangezitambua, na majina yao yameandikwa chini. Katika kurasa zote za kitabu kile, hapo ndipo naona mbao zikiwatendea haki watu wa ziwa hili.

Kisha ipo chapa ya Bumbire. Ni kisiwa cha upande wa magharibi wa ziwa, sasa katika Wilaya ya Muleba. Tarehe 28 Aprili 1875, Stanley akirejea Kageye na kutafuta chakula njiani, watu wa Bumbire waliivuta mashua yake hadi nchi kavu na kuwanyang'anya makasia. Mabaharia wake waliisukuma tena majini, yeye akawafyatulia risasi waliowafuata, na wakaondoka wakipiga maji kwa mbao walizong'oa ndani ya mashua. Tarehe 4 Agosti alirudi na mitumbwi na watu wenye bunduki, akapanga mstari majini, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukweni hadi makumi wakafa. Barua zake zilipochapishwa, hata Uingereza kwenyewe watu walimlaumu.

Kitabu hakikuchagua kuonyesha siku ya Agosti kama ilivyokuwa kwa waliokufa. Chapa inayokaa kwenye kumbukumbu ya msomaji ni ile ya mapokezi ya Bumbire: mashua imekwama nchi kavu, umati wenye mikuki umeizunguka. Iweke kando ya mapokezi ya Usavara uone kazi ya mistari. Usavara kuna safu. Bumbire kuna msongamano. Usavara kuna weupe wa nguo na nafasi kati ya mtu na mtu. Bumbire miili inapandana, mikuki inaelekea kila upande, na mistari ya mchongaji inasongamana mpaka giza linatawala. Huo ndio ustadi wa Kiromantiki wa kuchora dhoruba na hatari, umegeuzwa ukatumika kwa wavuvi na wakulima wa kisiwa kidogo. Goya aliwaondoa wauaji katika picha ili tuwaone wanaokufa. Hapa wanaokuja kuuawa wamechorwa kama tufani, na msomaji anafika kwenye ukurasa wa Agosti akiwa tayari ameshawahukumu.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulishike. Umbo la picha si pambo lililowekwa juu ya habari. Umbo limebeba hukumu. Waliovaa sare inayofanana na ya Ulaya walipewa safu, nuru na nafasi. Waliovaa sare ya rangi za mwili walinyang'anywa rangi zao na kuachwa uchi. Wasio na sare kabisa walipewa giza. Hakuna haja ya kumtuhumu kila mchongaji kwamba alikuwa na nia mbaya. Alifuata kibao chake, mazoea ya karakana yake na maneno aliyopewa. Lakini matokeo yaligongwa kwenye kila nakala, kama alivyoonya mzee wa Makoroboi, na nakala hizo bado zinatembea.

Simwambii mtu azichome wala azifiche. Zina kazi ya mikono ninayoiheshimu sana, na zina chembe za ukweli ambazo hatutazipata kwingine: umbo la ngao, urefu wa mkuki, namna safu ilivyosimama mbele ya Kabaka. Ninachoomba ni uaminifu. Walimu wa historia na wa sanaa wa kanda hii ya ziwa, mnapoiweka chapa ya namna hii mbele ya watoto, andikeni chini yake mambo manne: nani aliona, nani alichora, nani alichonga, na kama mchoraji aliwahi kufika mahali hapo. Kisha wapeni watoto maelezo ya Speke ya gwaride la mwaka 1862 na penseli za rangi nyekundu, buluu na nyeusi, wawarudishie askari wale sare yao. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya wizara, na shule yoyote ya Misungwi, Magu au Muleba inaweza kuianza muhula ujao.